Mshahara na njia za kazi kwa wanasheria vijana Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huibuka kila msimu wa mahafali, na huibuka tena kila mawakili wapya wanapoapishwa. Majibu yanahusu Tanzania Bara (Zanzibar ina swali lake sehemu ya mwisho). Viwango vya kodi na makato hupitiwa bungeni kila Juni, kwa hiyo kabla ya kusaini ofa yoyote hakikisha viwango vya mwaka husika.

## Mambo ya msingi

Mwanasheria na wakili, tofauti ni nini?

Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria. Wakili ni mwanasheria aliyepita mafunzo ya vitendo, akakubaliwa na Jaji Mkuu, jina lake likaingia kwenye orodha ya mawakili, na ana leseni hai ya mwaka huo. Wakili ndiye anayesimama mahakamani kwa niaba ya mteja, anayeandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, na anayegonga muhuri wa kamishna wa viapo.

Tofauti hii ndiyo inayopanga mishahara. Tangazo la "afisa sheria" na tangazo la "wakili mwenye leseni" linaweza kutoka ofisi moja, siku moja, na malipo yakapishana sana.

Anayefanya kazi za wakili bila kuwa wakili mtaani anaitwa kishoka, na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamhesabu kuwa mkosaji. Siku hizi mwananchi anaweza kuingia mfumo wa e-Wakili akaandika jina lako na kuona kama upo na kama leseni yako iko hai, kwa hiyo usijiite wakili kabla ya siku yako.

Safari nzima inachukua miaka mingapi?

Shahada ni miaka 3 au 4, kutegemea chuo. Mafunzo ya vitendo ni mwaka 1. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Ongeza muda wa kusubiri dirisha la maombi, kusubiri matokeo, kurudia mitihani kwa wale wanaorudia, na kusubiri tarehe ya kuapishwa. Mtu mwangalifu apange miaka 6 tangu aingie chuo kikuu hadi ashike leseni.

Law School ni lazima?

Kwa anayetaka uwakili, ndiyo. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu anaiita Law School, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ikaanza kupokea wanafunzi 2008. Kabla ya hapo watu walipita njia ya mafunzo kazini na usaili mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria. Ndiyo maana kuna mawakili wakongwe watakaokwambia hawajui hata geti lake liko wapi.

Kwa anayetaka kuwa afisa sheria serikalini, jibu linakaribia kuwa lile lile. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi ya Afisa Sheria Daraja la II huomba shahada pamoja na kumaliza mafunzo hayo. Shahada peke yake inakuacha na nafasi za usaidizi katika ofisi za mawakili, baadhi ya kampuni binafsi na asasi, au kazi zisizohusu sheria kabisa.

Kwa nini wengi hukwama pale?

Mwaka 2022 suala hili lilifika kwenye kila gazeti: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu bila kurudia walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioondolewa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kiini cha tatizo.

Mjadala uligawanyika pande mbili, wengine wakilaumu vyuo vikuu, wengine wakiilaumu taasisi yenyewe. Kwa kijana anayejiandaa leo, jambo la maana ni kwamba mitihani ya pale haipimi kukariri kesi. Inapima kama unaweza kuandika hati ya madai inayosimama, kuandaa kiapo kisicho na dosari, kujua kesi ifunguliwe mahakama ipi na kwa muda gani. Ukikaa miezi michache kwenye ofisi ya wakili kabla ya kuingia, ukabeba mafaili na kuandika rasimu zinazorudishwa zimejaa wino mwekundu, utaingia ukiwa mbele ya darasa.

Kifedha hesabu ni kali zaidi. Mwaka wa kurudia ni mwaka mwingine bila mshahara wa wakili, na kodi ya chumba Dar es Salaam haikusubiri. Bodi ya Mikopo, HESLB, imekuwa ikitoa mikopo kwa wanafunzi wa mafunzo haya. Soma mwongozo wa mwaka unaoomba, kwa sababu masharti hubadilika.

## Mshahara

Wakili mpya analipwa kiasi gani?

Hakuna kiwango kimoja, wala Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS) hakina kima cha chini cha mshahara kwa wakili aliyeajiriwa na wakili mwenzake. Kilichopo ni sakafu ya serikali. Kima cha chini katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Sekta binafsi nayo ina amri yake ya mishahara, na kwa sekta nyingi sakafu yake iko chini ya hapo.

Juu ya sakafu hiyo ni makubaliano. Ofisi ndogo za mikoani, na nyingi za Dar es Salaam, utasikia zikitaja laki tatu, laki nne, au nauli tu. Kampuni kubwa za uwakili, zile zenye wateja wa migodi, mabenki na wawekezaji wa nje, huanzia juu zaidi, lakini nafasi zake zinahesabika kwa vidole na huwa hazitangazwi.

Sababu ya mwanzo kuwa mdogo ni rahisi, ingawa hawakuambii siku ya usaili. Ofisi ya uwakili haina bidhaa ghalani. Ina wateja, na wateja ni wa mwenye ofisi. Wakili mchanga anaongeza mikono, haongezi wateja. Siku mteja atakapopiga simu akitaka wewe, ndipo mazungumzo ya mshahara yatakapobadilika.

Ofa inasema shilingi 1,000,000. Mkononi nitapata ngapi?

Chukua mwajiri binafsi anayekatia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), na wewe una deni la Bodi ya Mikopo.

NSSF upande wako ni asilimia 10, yaani 100,000. Kodi ya mshahara hukokotolewa kwa 900,000 zilizobaki: kwa ngazi ya kati ya 760,000 na 1,000,000 unalipa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, jumla 103,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 150,000. Unabaki na 647,000.

Ofa ya 600,000 kwa hesabu hiyo hiyo: NSSF 60,000, kodi 24,000, Bodi 90,000. Mkononi 426,000.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwajiri liwe "hiyo ni ghafi au ya mkononi?" Ofisi nyingi ndogo hutaja ya mkononi kwa sababu hazikati chochote. Inapendeza masikioni, lakini maana yake huna akiba ya NSSF, na deni la Bodi linaendelea kukusubiri.

Bosi hataki kunilipa mshahara, anasema tutagawana kila kesi. Nikubali?

Mgawano si jambo baya. Kwa wakili mwenye wateja wake ni mpango mzuri kuliko mshahara. Kwa aliyeapishwa juzi una hatari tatu, na zote huonekana baadaye.

Hatari ya kwanza ni kwamba hujui mteja kalipa kiasi gani. Kama mkataba wa ada unasainiwa ofisini kwa bosi na fedha zinaingia kwenye simu yake, asilimia 30 yako ni asilimia 30 ya atakachokwambia. Omba kuona mkataba wa ada wa kila faili unalogawana.

Hatari ya pili ni muda. Kesi ya ardhi inaweza kukaa miaka, ikiahirishwa na kuahirishwa, na mteja akalipa nusu mwanzoni na nusu ikiisha. Nusu ya mwanzo ikiliwa kabla hujafika, utasimama mahakamani miaka miwili kwa ahadi.

Ya tatu ni gharama. Nauli ya kwenda Kigoma, ada za mahakama, uchapaji: zinatoka kabla ya mgawano au baada? Iandikwe.

Kinachofanya kazi kwa wengi ni mseto: kiasi kidogo kisichobadilika cha kila mwezi, na asilimia kwa kazi ulizoleta mwenyewe. Ukimletea bosi mteja, asilimia yako iwe kubwa kuliko unapofanya kazi ya mteja wake. Bosi atakayekataa hilo anataka kukutumia tu.

Ofisi inasema nifanye bure, najifunza. Hadi lini?

Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo ni suala tofauti. Wakili mwenye leseni anayesimama mahakamani kila siku kwa jina la ofisi anafanya kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu kama inavyomhusu dereva wa ofisi hiyo hiyo: saa 45 kwa wiki, likizo ya siku 28, maelezo ya ajira kwa maandishi. Inasikitisha kwamba ofisi zinazotetea wafanyakazi wa wengine mara nyingi ndizo zisizo na mkataba hata mmoja kabatini. Miezi mitatu ya kupimana inaeleweka. Ikizidi hapo, wewe ndiye unayemfadhili mwenye ofisi.

Hawajanilipa miezi kadhaa. Nifanye nini?

Madai ya mshahara yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee. Kama umeachishwa kazi, muda ni siku 30. Wanasheria vijana wengi huogopa kwa sababu mji ni mdogo na bosi anajulikana. Hofu hiyo ina msingi, na kila mtu atapima mwenyewe, lakini muda ukipita utahitaji kuomba kusikilizwa nje ya muda, na unajua maombi hayo yalivyo.

## Njia za kazi

Serikalini kuna nini?

Kuna milango kadhaa, na watu huichanganya. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali inashauri na kuandika sheria. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa 2018, inasimamia kesi za madai na usuluhishi za Serikali. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inaendesha jinai. Halafu kuna maofisa sheria wa wizara, halmashauri na mashirika ya umma.

Matangazo hayataji kiasi, yanataja ngazi. Afisa Sheria Daraja la II huandikwa TGS E. Mahakimu wana ngazi zao za TJS, na baadhi ya mashirika ya umma yana miundo yao inayolipa zaidi ya wizara. Mwulize aliye ndani, maana waraka wa mishahara hubadilika.

Uzito wa serikali hauko kwenye tarakimu ya mwezi. Kwenye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wewe unachangia asilimia 5 na mwajiri 15, kuna bima ya afya, kuna mkopo wa benki utakaopewa kwa sababu tu una hati ya mshahara. Kwa upande mwingine, mtumishi wa umma haruhusiwi kufanya uwakili binafsi pembeni. Na unaweza kupangiwa Nkasi wakati mchumba wako yuko Tanga.

Nikitaka kuwa hakimu au jaji?

Hakimu Mkazi huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama, na mafunzo hufanyika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais, na Katiba inataka awe na sifa za kitaaluma kwa muda usiopungua miaka 10. Wapo walioteuliwa kutoka uhakimu, uwakili binafsi, serikalini na vyuoni, kwa hiyo hakuna njia moja ya kuulenga ujaji.

Kazi ya sheria kwenye benki au kampuni ikoje?

Kwa wengi ndiyo njia yenye mshahara mzuri mapema. Benki ina mikataba ya mikopo, usajili wa dhamana, kesi za wadaiwa sugu na ripoti za wasimamizi. Kampuni za simu, migodi na bima zina yake. Utafanya kazi ya mteja mmoja tu, kwa saa zinazojulikana, na utasahau taratibu za mahakamani usipokuwa mwangalifu.

Eneo ambalo bado halijajaa ni ulinzi wa taarifa binafsi. Sheria yake ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kuwa na afisa wa kusimamia jambo hilo. Kampuni nyingi zimempa mtu wa kompyuta jukumu hilo kwa sababu hazikumpata mwanasheria anayelielewa. Jifunze sheria hiyo na kanuni zake vizuri, utakuwa na la kusema kwenye usaili ambalo wenzako hamsini hawana.

Asasi za kiraia na msaada wa kisheria?

Malipo hufuata mradi. Mradi ukiwa na fedha, mshahara unaweza kuzidi wa ofisi ya uwakili. Mradi ukiisha, na wewe umeisha. Angalia tarehe ya mwisho ya ufadhili kabla ya kuangalia mshahara.

Shahada ya uzamili itaniongezea mshahara?

Chuoni, ndiyo, ni sharti la kufundisha. Kwenye mashirika ya kimataifa pia: nafasi za kitaalamu za ngazi ya P-2 za Umoja wa Mataifa kwa kawaida huomba shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka 2, na Arusha kuna taasisi kama Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Afrika Mashariki ambazo kijana wa hapa anaweza kuanza nazo kwa mafunzo kazini. Ofisi ya uwakili ya kawaida haitakuongezea kitu kwa cheti hicho. Kama lengo ni kodi au usuluhishi wa kibiashara, vyeti vya fani hizo vitakulipa haraka zaidi.

## Kujitegemea

Nifungue ofisi mara tu nikiapishwa?

Sheria haikuzuii. Kinachozuia ni kodi ya pango na mteja ambaye hajaja. Waliofanikiwa mapema wengi walianzia kwenye chumba cha kushirikiana, wanasheria watatu wanne, kila mmoja na wateja wake, wakigawana pango, mchapaji na umeme.

Mkate wa kila siku mwanzoni hautoki kwenye kesi kubwa. Unatoka kwenye viapo, uthibitisho wa nakala, mikataba ya mauziano ya viwanja, usajili wa kampuni BRELA, mirathi. Anayedharau muhuri wa shilingi elfu kadhaa hajakaa mwezi mzima bila mteja. Ila usigonge muhuri kwenye kiapo cha mtu asiyekuwa mbele yako, hata akiletwa na rafiki. Kiapo hicho kikifika mahakamani na mwenyewe akakikana, atakayeitwa ni wewe.

Nitoze kiasi gani?

Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 ina majedwali ya viwango, na ndiyo inayotumika gharama zinapotathminiwa mahakamani. Itumie kama kianzio, kisha andika makubaliano na mteja asaini. Ada ya mdomo huzaa mgogoro siku mteja akishinda, sembuse akishindwa.

TRA wananihusu vipi?

Wateja ambao ni kampuni wanapokulipa ada hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kukupa cheti. Vitunze vyeti hivyo, vinapunguza kodi yako ya mwaka. Sheria ya VAT huwataka watoa huduma za kitaalamu kujisajili bila kusubiri kizingiti cha mauzo, na risiti ya mashine ni lazima. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halisamehewi kwa sababu umejiajiri: unatakiwa kulipa mwenyewe kila mwezi, kiasi kisichopungua 100,000 au asilimia 10 ya kipato.

Fedha za mteja naweza kuzikopa kidogo?

Hapana. Fedha ya fidia au ya mauzo ya nyumba iliyopita kwako si yako, hata kama mteja anadaiwa ada. Iweke kwenye akaunti tofauti, kata ada kwa maandishi, mpe chake. Kamati ya Mawakili ina mamlaka ya kukusimamisha au kukuondoa kwenye orodha, na ukiondolewa, hesabu zote za mshahara zilizo hapo juu hazikuhusu tena.

Naruhusiwa kujitangaza mitandaoni?

Kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zinabana kujitangaza na kutafuta wateja kwa kujinadi. Kueleza sheria ya mirathi kwa Kiswahili kinachoeleweka ni elimu. Kuandika "sijawahi kushindwa kesi, nipigie" ni kutafuta kuitwa kwenye Kamati. Vivyo hivyo kumlipa dalali wa mahakamani akuletee wateja, au kugawana ada na asiye wakili.

## Maswali ya pembeni

Leseni yangu inatumika Zanzibar au Kenya?

Si moja kwa moja. Zanzibar ina mahakama zake, orodha yake ya mawakili na chama chake, ZLS. Unaomba huko kwa utaratibu wao. Kenya, Uganda na Rwanda kila moja ina chuo chake cha vitendo na masharti yake, licha ya soko la pamoja la Afrika Mashariki. Kazi isiyohitaji kusimama mahakamani, kama ushauri ndani ya kampuni, ndiyo inayovuka mpaka kirahisi.

Naruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo?

Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa. Marekebisho ya 2021 yalifungua mlango pale inapoongozwa na Hakimu Mkazi. Kwa wakili wa wilayani hiki ni chanzo kipya cha kazi, hasa mirathi na ndoa, na wengi bado hawajakizoea.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaajiriwa?

Tangu sheria ya 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, hali imelegea kidogo, na anayeandika hati safi kwa Kiswahili ana nafasi. Lakini kumbukumbu za kesi za miaka sitini ziko kwa Kiingereza, na mikataba ya wawekezaji pia. Kwa kampuni kubwa zilizotajwa kwenye swali la mshahara wa kwanza, bado kitapimwa.

Nimeapishwa ila nimepata kazi isiyo ya sheria. Niendelee kulipia leseni?

Leseni ni ya mwaka, na ili kuihuisha unahitaji kulipa ada za TLS na kutimiza alama za mafunzo endelevu. Kama hutarudi hivi karibuni, wasiliana na chama na msajili wa Mahakama Kuu kwa maandishi kuhusu hali yako badala ya kunyamaza, kwa sababu kuhuisha kwa kuchelewa kuna gharama zake. Na wakati leseni imelala, muhuri nao ulale: waraka uliogongwa na wakili asiye na leseni hai unaweza kukataliwa mahakamani, na atakayeumia kwanza ni mteja aliyekuamini.